Hiyo kata unayoipiga ina kazi mtaani, ila anza kuisoma kutoka kwa mhuni

Madogo wanaokuja kupiga tizi la karate na sisi ufukweni Shangani, hapa Mtwara, huwa wanaanza vizuri tu, kusimama, ngumi, teke, fresh, mpaka tukifika kwenye kata, ule mfululizo wa stepu zilizopangwa unaoupiga peke yako, hapo ndo sura zinabadilika. Mwalimu, mtu akinikaba roba usiku hii kitu itanisaidia nini? Na kwakweli ukimwangalia mtu anapiga kata peke yake, anazuia mateke ya mtu asiyekuwepo huku mkono mwingine kaubana kiunoni, swali lao sio la kijinga hata kidogo.

Jibu langu ni kwamba zinasaidia, ila sio kila kipande na sio kwa namna wengi wetu tulivofundishwa. Tunachofanyaga ni kwamba tunachukua stepu ya kwanza ya kata tunauliza hapa nazuia nini, tunaambiwa unazuia teke, basi tunamtafuta mwenzetu arushe teke kutoka mita mbili ili jibu litimie. Mi nashauri uanzie upande wa pili kabisa, uanze na mhuni. Jiulize ugomvi ambao umeshawahi kuuona kwa macho yako hapa Mtwara ulianzaje. Kwenye pool table wanaanza na maneno, kidole usoni, dafrao la kifuani, halafu wanakunjana mashati. Stendi wapiga debe wanakuvuta mkono na begi, kila mmoja kwake. Msimu wa korosho, mwezi wa kumi huo hela ikishaanza kutembea, vibaka wanakuja kwa nyuma mmoja anakaba mwenzie anasachi mifuko. Mlevi anarusha ngumi yake ya kuzungusha kutoka Mikindani inafika leo jioni. Lakini mtu wa kusimama mbali, arushe ngumi iliyonyooka halafu aiache hewani akusubiri wewe umalize mbwembwe zako? Huyo yupo dojo tu, kwenye ukumbi wa mazoezi.

Sa ukishakuwa na orodha yako kichwani ndo urudi kwenye kata utafute, hii ya kukunjwa kola ipo wapi, hii ya kuvutwa mkono ipo wapi. Njia hii sijaibuni mimi. Patrick McCarthy, mtafiti wa karate wa Kanada anayeishi Australia, amelifanyia kazi sana hili jambo la kuanza na vurugu za kawaida za watu kabla ya kugusa kata. Ila orodha yake haiwezi kuwa yako, wewe andika ya mtaani kwako.

Kwanini kata zimejaa kushikana na sio kurushiana ngumi za mbali? Ukiangalia historia inaeleweka. Karate ya Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani ilikotokea, ilikuwa ya kujilinda na watu wa kawaida, watu wa karibu, waliolewa, wenye hasira. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mwalimu Itosu Anko akaiingiza mashuleni kule Okinawa, akatengeneza zile kata tano zinazoitwa Pinan, watoto wakawa wanafundishwa kwa mistari na kwa kuhesabu kama mchakamchaka, na huwezi kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kuvunja shingo ya mwenzie kwaiyo maelezo yakawa mepesi mepesi. Mwaka 1922 mwalimu mwingine wa huko, Funakoshi Gichin, akaipeleka Tokyo, Pinan baadae akaziita Heian. Halafu yakaja mashindano, JKA, chama cha karate cha Japani, walifanya ya kwanza ya Japani nzima mwaka 1957, na hapo ndo picha ya karate ikawa mtu wa karate dhidi ya mtu wa karate, wamesimama mbali wanaviziana. Kata zenyewe ni za zamani kuliko hiyo picha. Ndo maana ukijaribu kuzisoma kwa macho ya mashindano zinaonekana kama maigizo.

Haya tuingie kwenye kazi. Kitu cha kwanza angalia ule mkono unaorudi kiunoni, wanauita hikite. Wengi tuliambiwa unaleta nguvu kwenye ngumi. Jaribu leo na mwenzako, mpige ngumi ya taratibu kifuani bila kushika kitu, halafu rudia ukiwa umemshika mkono wa shati na unauvuta kiunoni kwako wakati huo huo ngumi inaenda. Anakuja mwenyewe kwenye ngumi! Mguu wake wa mbele unabeba uzito wote, hawezi kukurushia teke, mkono wake mmoja umeshatoka kwenye mchezo, na hata taa ikizimika unajua kichwa chake kipo wapi kwasababu umemshika. Kwaiyo kila unapoona mkono unarudi kiunoni kwenye kata jiulize umeshika nini, mkono, kola, nywele, sikio. Ukifanya hivo tu nusu ya kata inaanza kuongea.

Cha pili mfano ambao hata wa mkanda mweupe anaujua. Heian Shodan, ya kwanza kwenye zile Heian, ukishageuka nyuma ukafagia chini kwa mkono wa kulia, kuna pale unarudisha mguu wa kulia nyuma kidogo na ule mkono unavutwa, unazunguka unapanda juu unashuka kama nyundo. Ile ni kushikwa mkono. Mwambie mwenzako akushike kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote, tena tafuta mwenye viganja, sisi tuna jamaa anapakia magunia ya korosho maghalani huyo akikushika unajua umeshikwa. Ukivuta kwa mkono peke yake hutoki. Sasa geuza ngumi yako mpaka ule upande mwembamba wa mkono uangalie pale kidole gumba chake kinapokutana na vidole vingine, hapo ndo mlango, halafu usivute kwa bega, rudisha mguu na kiuno viuvute mkono. Utasikia gumba lake linafunguka. Mkono ukitoka unakuwa tayari upo juu, kinachobaki ni kushuka, na unashuka kwenye mkono wake au mfupa wa bega au usoni kutegemea na ukubwa wa soo. Mpiga debe haumshushii nyundo jamani, unachukua mkono wako na begi lako unapanda basi unalotaka.

Watu wa mtindo wa Goju, na Bongo tupo wengi, wazo hilo hilo lipo mwanzo wa kata ya Saifa, ile ngumi inayofunikwa na kiganja cha mkono mwingine halafu mwili wote unaenda pembeni mbele. Mikono miwili dhidi ya mmoja, na mwili nyuma yake. Na imewekwa mara tatu mfululizo, nadhani aliyeitunga alijua watu wataipuuza.

Ila kata ninayoipenda kwa mambo ya mtaani ni Tekki Shodan, wengine wanaiita Naihanchi. Watu wanaichukia kwasababu unaenda kulia kushoto tu kama kaa, hakuna kuruka, hakuna teke la kupiga picha. Motobu Choki, ambaye alikuwa na sifa ya kupigana kweli kule Okinawa sio stori za vijiweni, aliithamini mno. Angalia mwanzo wake, mguu unavuka, goti linapanda, unakanyaga, mkono wa kulia unatoka pembeni umefunguka, halafu kiwiko cha kushoto kinakuja kugonga kwenye kiganja cha ule mkono. Sa chukua mtu amekukunja shati, mpo uso kwa uso unanusa pombe yake. Ule mkono uliofunguka unaenda nyuma ya shingo yake, kichwa chake ndo kinakaa pale kati ya kiganja na kiwiko. Goti na kukanyaga ni miguu yake. Hakuna hata sentimita moja ya kurudi nyuma kwasababu ukirudi nyuma mnaanguka wote. Haihitaji nafasi, inafanyika ukiwa umebanwa kati ya bajaji na ukuta. Fanya taratibu sana hii mazoezini, kiwiko sio kitu cha kumjaribia rafiki.

Roba sasa, maana ndo swali lenyewe. Hapa nakuwa mkweli, sijaona kata inayonipa jibu zuri la roba iliyoshaingia vizuri, na hao wanaokuonyesha mbinu ya stepu sita muulize mkabaji alikuwa amelala? Roba ikibana mishipa ya shingo sawasawa una sekunde kumi hivi au chini ya hapo kabla hujazimia. Tulichochukua kwenye kata ni kushuka kwenye kiba dachi, ule msimamo wa kupanua miguu na kukunja magoti, ili uzito uende chini ghafla, vingine tumekopa judo. Kidevu kishuke kifuani mapema, mikono yote miwili ivute ule mkono unaokaba kwenda chini, usihangaike kwanza na kumpiga, halafu geukia upande wa kiwiko chake. Ukipata hewa ndo mambo ya viwiko yanaanza.

Kuhusu kugeuka geuka kwenye kata, wale wanaosema unapigana na watu wanne kutoka pande nne waache. Mabuni Kenwa, mwanzilishi wa mtindo wa Shito-ryu, alishalielezea hili kwamba kona za kata hazimaanishi maadui wanatoka kila upande. Mimi nazichukulia kama maelekezo ya wewe ukae upande gani wa huyo mmoja. Kata ikigeuka pembeni, toka mbele yake uende ubavuni. Kata ikigeuka mzunguko mkubwa hadi nyuma na umemshika mtu, jaribu uone, mara nyingi ni ngwala au kumwangusha.

Sasa sehemu ambayo watu wanaikimbia ni kujaribu. Mbinu ikifanya kazi wakati mwenzako amekuachia mkono kama ameshika kikombe cha chai hiyo bado haijafanya kazi. Sisi tunaanza taratibu, akishaijua njia tunamwambia mshikaji avute, asukume, atukane kidogo, akipata upenyo atumie mkono wa pili. Tunavaa mashati ya zamani ya mitumba yachanike tu maana gi, ile nguo ya karate ya dojo, linashikika vizuri mno linakudanganya. Maji yakipwa pale Shangani mchanga unakuwa tambarare, kuanguka hakuumizi sana. Mbinu inayokufa kwenye presha hiyo tunaiacha hata kama ni ya sensei wa mkanda wa dan ngapi, na nyingi zinakufa aisee, kipande kimoja cha kata kinaweza kukupa maelezo matano ukabaki na moja. Ukibaki na tatu nne kwa kata nzima zinazotoka zenyewe bila kufikiria mimi naona umefanya kazi kubwa. Akina dada mjaribu na wanaume wazito, sio nyie kwa nyie tu.

Kisu na panga siweki kwenye haya mazungumzo. Simu toa, hela toa, kama kuna njia toka mbio, pumzi ya kukimbia pia ni tizi.

Na sheria usiisahau. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyofuata, inakupa haki ya kujitetea na kumtetea mwingine ila kwa nguvu ya kiasi, inayoendana na hatari yenyewe. Mtu amekuvuta mkono ukamvunja taya, au ameshaanguka unaendelea kumshushia viwiko, mbele ya hakimu hiyo inaanza kuwa hadithi nyingine, na ukisema unafanya karate sidhani kama itakusaidia. Kwaiyo ukishatoka kwenye mkono wake ondoka uende kwenye mwanga na watu, kama umeumia pita polisi uchukue PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali, na ueleze ulichofanyiwa wewe kabla yeye hajaenda kueleza cha kwake.