Jibu: Ratiba ya onyesho la taarabu Ngome Kongwe

Mkuu, umeuliza upangeje ratiba ya siku ya taarabu pale Ngome Kongwe, Mji Mkongwe wa Zanzibar, bendi ianze saa 2 usiku. Anzia hiyo saa 2, kisha rudi nyuma.

Kinachokula muda ni kupima sauti. Fidla, udi, akodiani, ngoma, waitikiaji, kila mmoja na maiki yake, na kanuni, ile ala ya muziki, peke yake ina nyuzi zaidi ya 70 za kurekebisha. Tenga muda wa saa mbili nzima, saa 9 hadi 11 jioni, usivuke hapo. Magharibi inaadhiniwa baada ya saa 12, na Mji Mkongwe umejaa misikiti: spika zizimwe, watu waswali, wapate chakula. Isha nayo huangukia karibu na saa 2 miezi mingine, kwa hiyo mimi ningesogeza mwanzo hadi saa 2 na robo.

Basi jukwaa na taa viwe tayari saa 8 mchana, na jenereta iwe imeshajaribiwa na mzigo wote. Vifaa vikitoka Dar, vivuke siku moja kabla. Niliwahi kuvisubiri bandarini siku yenyewe, sitaki hata kukumbuka.

Kila mstari wa ratiba uwe na saa, kazi, jina la mtu mmoja na simu yake. Usiandike "kamati". Na fundi akiwa mgeni asiyezoea saa za Kiswahili, mwandikie 20:00. Ukimwambia saa 2 atakuja saa 8 mchana.