Rubli za Karatasi: Kagua Kabla ya Kulipa

SWALI: Kuna muuzaji mtandaoni ana noti ya rubli 5 ya mwaka 1909, anasema ni ya enzi za Tsar (mfalme wa Urusi), na nyingine ya rubli 25 ya mwanzoni mwa karne ya 19. Nizikague vipi?

JIBU: Mwaka 1909 ni wa muundo tu, noti hizo ziliendelea kuchapwa hata baada ya Tsar kung'olewa mwaka 1917. Tazama namba. Herufi mbili na tarakimu sita ni za enzi za Tsar. Herufi mbili na tarakimu tatu, mfano УА-044, ni chapa za 1917 na kuendelea, nazo zimejaa sokoni. Usikubali bei ya adimu.

Kwenye rubli 25 ndiko penye kazi. Napoleon alighushi noti hizo kwa wingi, na wachongaji wake walichanganya herufi za Kirusi д na л: baadhi zimeandikwa «холячею» badala ya «ходячею». Shika lenzi, inamisha noti pembeni mwa taa. Kwenye noti halisi, sahihi ya mkono ina wino uliopenya nyuzi za karatasi, mzito hapa, mwepesi pale. Sahihi za noti bandia za Wafaransa zilichapwa, weusi wake sawasawa. Ajabu ni kwamba hata hizo bandia zina wakusanyaji wake, mradi muuzaji aseme ukweli.

Ukishanunua, usiipige pasi wala kuibandika selotepu. Gundi huacha doa la manjano lisilotoka.