Pumzi ya tenisi haijengwi siku ya mechi peke yake

Wengi wanaikumbuka mechi ya John Isner na Nicolas Mahut pale Wimbledon mwaka 2010: saa 11 na dakika 5, siku tatu, seti ya tano ikaisha 70 kwa 68, Isner akashinda. Vijana ninaowafundisha huwa nawaambia waitazame na ile iliyofuata. Isner alirudi uwanjani miguu imemwishia, na Thiemo de Bakker akamfunga 6-0, 6-3, 6-2 kwa saa moja na robo tu. Nguvu za kushinda alikuwa nazo. Muda wa kuzirudisha ndio aliokosa.

Sasa mtazame Novak Djokovic, Australia, 2012. Ijumaa alicheza nusu fainali na Andy Murray kwa saa 4 na dakika 50. Jumapili akaingia fainali na Rafael Nadal, wakapambana saa 5 na dakika 53, akabeba kombe. Ile Jumamosi ya katikati, ya kurudisha nguvu, ndiyo inayonivutia zaidi, maana kwenye mashindano yetu ya vijana mtoto hucheza mechi mbili siku moja, na katikati yake analishwa chipsi na soda.

Wazazi, msiwakimbize watoto kilomita 10 kila asubuhi mkidhani ndiyo pumzi ya tenisi. Pointi nyingi huisha kabla ya sekunde 10, kisha zinakuja sekunde 25 za kujiandaa kusevu, yaani kupiga mpira wa kuanzisha pointi. Mazoezi yafanane na hivyo: mbio kali fupi, kushoto na kulia, apumzike, arudie. Mbio ndefu za taratibu zina kazi yake, ila mara moja au mbili kwa wiki zinatosha. Na hizo sekunde 25 azitumie. Autazame ukuta wa nyuma, avute pumzi kwa pua, aitoe polepole, ndipo adundishe mpira. Anayekimbilia kusevu huku anahema anampa mpinzani wake pointi za bure.

Halafu kuna joto. Dar es Salaam mwezi wa Februari, fulana ikikauka huacha michirizi myeupe ya chumvi mgongoni. Nikiiona, najua kijana huyo maji matupu hayatamtosha. Huwa nampima uzito kabla na baada ya mechi: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Airudishe kwa lita moja na nusu, kidogo kidogo kwa saa kadhaa, kwa maji ya ORS kutoka duka la dawa au pamoja na chakula chenye chumvi. Kubugia maji matupu mengi kwa mkupuo ni hatari, usimruhusu.

Mechi ikiisha asikae chini papo hapo. Wachezaji wa kulipwa hupanda baiskeli ya mazoezi na kuzungusha taratibu. Sisi tutembee dakika 10. Kisha ndani ya saa moja ale: ndizi mbivu na mtindi, baadaye wali na samaki au maharage. Chipsi zimejaa mafuta, zitamlalia tumboni mpaka mechi ya pili. Kuoga maji ya barafu kunasaidia mashindano yakibana, ila kipindi cha kujenga misuli sikupendi kila siku, kwa sababu baridi hupunguza faida ya mazoezi ya uzito. Kwa mtoto, mimi naweka usingizi mbele ya barafu.

Na misuli ikibana? Tatizo si maji na chumvi tu. Carlos Alcaraz alibanwa akicheza na Djokovic nusu fainali ya Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, 2023, akakubali kupoteza gemu nzima ili atibiwe, na baadaye akasema chanzo kilikuwa wasiwasi wa mechi. Alikuwa na miaka 20, fiti kabisa. Kwa hiyo mwanao akibanwa usimkaripie kutoka nje ya uwanja, utamwongezea hofu. Wakati wa kubadilishana upande mnyooshee msuli polepole, anywe, apumue. Ukimbana tena, mtoe, hata kama anaongoza.