Gitaa limepanda bei, na lililoletwa lina kasoro

Pole ndugu. Umeweka akiba, bei ikapanda mara mbili, halafu gitaa lililokufikia lina shingo iliyopinda na muuzaji anasema "ndivyo yalivyo".

Kabla ya kugombana, tazama shingo kwa urefu wake, kutoka kichwani mwa gitaa. Ikiwa imebonyea kidogo tu, huenda ni hewa ya safarini. Mbao hunywa unyevu. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo, na fundi huikaza au kuilegeza kwa muda mfupi. Usiijaribu mwenyewe, ukilazimisha inakatika. Ikiwa shingo imejisokota kama kamba, rudisha gitaa. Piga picha, tunza boksi, andika malalamiko kwa maandishi, si kwa simu. Mimi niliwahi kuamini ahadi ya simu. Hadi leo nasubiri.

Kuhusu bei, usingoje ishuke. Mbao, usafirishaji na ushuru vyote vimo humo. Ukirudishiwa pesa, tafuta lililotumika: shingo iliyokaa miaka kumi bila kupinda imeshajithibitisha. Ila nenda na anayepiga gitaa, akague mlio wa kila noti.