Mbuzi kuugua baada ya safari ya bahari

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kwa nini mbuzi waliotoka Unguja wazima walianza kukohoa siku ya tatu baada ya kushushwa Mkoani. Mnyama akihangaika, neva zinazofika hadi kwenye wengu humwaga noradrenalini, na tezi zilizo juu ya figo hutoa kotisoli; chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, zina vipokezi vya kemikali hizo mbili, na hofu ikidumu chembe hizo hulegea, ndipo vijidudu vilivyotulia puani hushuka mapafuni. Mimi huwatenga mbuzi wageni wiki mbili kivulini, na siwachanji siku ya safari. Ila wako wameshaugua: ukimwona mmoja amenyoosha shingo, matundu ya pua yakitanuka kila pumzi, mwite daktari wa mifugo leo hii, wala usiwadunge dawa kwa kubahatisha.