Maswali ya wasomaji: Gujarat kwa msafiri wa Tanga na Bagamoyo

Toleo lililopita tuliigusia Gujarat, jimbo la magharibi mwa India walikotoka wazee wa familia nyingi za Kihindi za mwambao wetu. Barua zimemiminika. Tumejibu hizi.

Wahariri, salaam. Tuko wanne, tuna siku kumi mwezi wa Julai watoto wakiwa likizo. Tunataka Ahmedabad, Patan, Bhuj, Palitana, Somnath na Dwarka. Zitatosha? – Msomaji, Ngamiani, Tanga

Hazitoshi, na Julai siyo. Mvua za masika ya kule zinanyesha Juni hadi Septemba: uwanda mweupe wa chumvi wa Kutch unajaa maji na Palitana, mlima wa mahekalu ya Wajaini, unafungwa. Aprili na Mei msiziwaze, joto linapita nyuzi 40. Subirini likizo ya Desemba.

Halafu punguzeni. Ahmedabad hadi Bhuj ni kilomita zipatazo 330, hadi Somnath karibu 400, na Somnath hadi Dwarka ni 230 nyingine. Mkitaka vyote, mtaijua Gujarat kwa dirisha la gari. Kaeni Ahmedabad siku nne, kisha chagueni upande mmoja: ama Kutch (Bhuj, bandari ya Mandvi ambako majahazi ya mbao bado yanaundwa kando ya mto, uwanda mweupe, na magofu ya Dholavira), ama Saurashtra (mahekalu ya Palitana, Somnath na Dwarka). Kwa wenye watoto tungechagua Kutch, maana hekalu juu ya hekalu huwachosha. Uwanda mweupe uko karibu na mpaka wa Pakistan, kwa hiyo kuna kibali cha kukata. Mgeni abebe pasipoti yenyewe pamoja na nakala zake na za viza.

Katika zile siku nne, moja iwe ya Modhera na Patan, na mpangilio wake ndio huu: kwanza Modhera, kilomita 100 hivi kutoka mjini, mwondoke alfajiri. Hekalu la Jua, la mwaka 1026 hivi, linatazama mashariki, na mbele yake kuna bwawa la ngazi lenye vihekalu vidogo 108. Simameni upande wa mashariki wa bwawa, jua likiwa mgongoni. Mkichelewa hadi alasiri linawapiga machoni na hekalu linakuwa kivuli kitupu. Shikeni watoto mikono, vidato ni vyembamba na havina kizuizi.

Patan iko kilomita 35 mbele. Fikeni karibu na adhuhuri, kwa sababu Rani ki Vav ni kisima kilichochimbwa kama jengo lililopinduliwa: urefu mita 64, kina mita 27, ghorofa saba kwenda chini, na jua la juu ndilo linaloingia ndani. Malkia Udayamati alikijenga karne ya 11 kumkumbuka mumewe, Bhima wa Kwanza. Mafuriko ya mto Saraswati yalikifukia kwa tope, na tope hilohilo likazilinda sanamu zaidi ya 500 za kutani hadi zilipofukuliwa miaka ya 1980. Mtazame Vishnu, mungu wa Kihindu, aliyelala juu ya nyoka, na wanawake wanaojipamba mmoja mmoja: mmoja anajitazama kwenye kioo. Chini kabisa hamtaruhusiwa kufika. Picha ya kisima hiki iko kwenye noti ya rupia 100, ile ya zambarau.

Mgeni wa nje hulipa rupia 600 Rani ki Vav na 300 Modhera, watoto chini ya miaka 15 bure. Bei hubadilika, hivyo hakikisheni kabla ya kwenda. Bebeni noti: wenyeji wanalipa kila kitu kwa simu, na simu zetu hazimo kwenye mtandao wao.

Mimi ni fundi wa milango ya nakshi. Ahmedabad nitapata siku mbili tu. Niangalie nini? – Fundi, Dunda, Bagamoyo

Fundi, anzia Kalupur, kwenye hekalu la Swaminarayan. Halmashauri ya jiji huendesha matembezi ya asubuhi kutoka hapo hadi Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1424, wenye nguzo 260. Weka nafasi mapema. Njia inapita kwenye *pol*, mitaa ya vichochoro yenye lango moja ambalo zamani lilifungwa usiku.

Usiangalie milango peke yake. Inua macho uone mikono ya mbao inayobeba ghorofa ya juu, maana huko ndiko nakshi nzito iliko, ndege, maua, tembo. Mbao nyingi ni mtiki, kama ule wa Longuza, Muheza, mkoa jirani wa Tanga. Kisha tafuta ukuta uliobomoka kidogo: utaona boriti zimelazwa ndani ya matofali, tabaka kwa tabaka, ukuta uweze kuyumba bila kuanguka ardhi inapotikisika. Hilo ni somo kubwa kuliko nakshi. Uani ulizia birika la chini ya ardhi linalokusanya maji ya mvua ya paa.

Alasiri nenda Msikiti wa Sidi Saiyyed wa 1572–73. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi. Dirisha la ukuta wa magharibi ni jiwe lililotobolewa likawa mti unaosokotana na mnazi, na jua la alasiri hulipenya hadi ndani. Madirisha ya jirani yamejazwa vibao vya mraba vyenye maumbo ya kupimwa kwa bikari. Hayo ndiyo ya kunakili daftarini. Wanawake mara nyingi huombwa wabaki uani, lakini dirisha lenyewe linaonekana pia kutoka barabarani.

Sisi ni Waislamu. Tutaingia mahekaluni? Na chakula je? – Mama, Chumbageni

Mama, Modhera, Rani ki Vav na Adalaj (kisima kingine cha ngazi, karibu na Ahmedabad) havifanyiwi ibada. Ni tiketi tu. Somnath ni tofauti. Asiye Mhindu huombwa apate ruhusa ofisini kwanza, na simu, kamera, mikoba na vitu vya ngozi vinaachwa nje kwa kila mtu. Familia hupoteana hapo kwa sababu hakuna wa kumpigia mwenzake: pataneni mahali na saa kabla ya kukabidhi simu. Dwarka hufunga mchana, kuanzia kama saa saba hadi saa kumi na moja jioni, na wengi hufika saa nane. Soksi nene zinasaidia, jiwe la mchana linaunguza nyayo.

Chakula kingi hakina nyama, na dengu zina sukari kidogo. Bajia, kachori na chevda mtazitambua. Nyama ya halali iko mji mkongwe wa Ahmedabad, Bhatiyar Gali, karibu na Teen Darwaza.

Nina miaka 68, magoti yanauma. Palitana nitaiweza? – Mzee, Makorora

Shikamoo mzee. Ni vidato karibu 3,500, hakuna gari. Kuna *doli*, kiti kinachobebwa na watu mabegani. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujakaa. Anza alfajiri. Mkanda, viatu na pochi za ngozi haviruhusiwi, chakula hakipandishwi, na jioni kila mtu hushuka, hata makuhani. Mlima hufungwa miezi ya mvua hadi mbalamwezi ya Kartik, mwezi wa kalenda ya Kihindu, kwa kawaida Novemba. Kama kiti hukitaki, kwenye mlima Girnar pale Junagadh kuna gari la kuning'inia kwenye waya tangu 2020, linakufikisha hekalu la Ambaji.

Viza, chanjo, na bia? – Msomaji, Magomeni, Bagamoyo

Viza huombwa mtandaoni angalau siku 4 kabla. Tovuti halali inaishia na gov.in, nyingine ni madalali. Picha iwe ya mraba, nyuma nyeupe. Kadi ya manjano usiiache, hasa ukipitia Nairobi au Addis Ababa: bila hiyo waweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na chanjo huhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Bia: Gujarat imepiga marufuku pombe. Mgeni wa nje anaweza kuomba kibali, lakini bila hicho kibali hata chupa ya uwanja wa ndege ni kosa.