Mchumi aliyekalia kiti cha NATO

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Jens Stoltenberg wa Norway alisomea uchumi, si jenerali. Aliwezaje kuyaamuru majeshi ya NATO kwa miaka 10? Na siku hizi yuko wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Singida

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hakuyaamuru. NATO ni muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, na majeshi yake barani Ulaya yako chini ya jenerali wa Marekani, mwenye makao yake karibu na Mons, Ubelgiji. Katibu Mkuu, cheo alichokuwa nacho Stoltenberg, yuko Brussels, na kazi yake kubwa ni kuendesha vikao. Huko hakuna kupiga kura: nchi moja tu ikikataa, shauri limekwama. Jenerali aliyezoea kutii na kutiiwa angepata tabu sana pale.

Stoltenberg alikuwa ameshapikwa na siasa za kwao. Kuanzia 2005 hadi 2013 aliongoza serikali ya mseto ya vyama vitatu, na kimojawapo, Chama cha Kisoshalisti cha Mrengo wa Kushoto, kilitaka Norway ijitoe NATO! Miaka minane alikaa nao baraza moja la mawaziri, na Norway haikujitoa. Mwaka 2010 akamaliza na Urusi mgogoro wa mpaka katika Bahari ya Barents, uliokuwa umedumu miaka 40. Eneo lililogombaniwa, kilometa za mraba zipatazo 175,000, likagawanywa karibu nusu kwa nusu.

Ukitaka kumwona kazini, soma habari za mkutano wa NATO wa Vilnius, Lithuania, Julai 2023. Uswidi iliomba kujiunga Mei 2022, Uturuki ikaweka ngumu. Usiku wa kuamkia mkutano mkuu, Stoltenberg aliketi na Rais Erdoğan wa Uturuki na Waziri Mkuu Kristersson wa Uswidi mpaka Erdoğan akakubali kuyapeleka maombi hayo bungeni. Hata hivyo Uswidi iliingia Machi 2024 tu, kwa kuwa Hungaria nayo ilichelewa. Mimi naona kungoja karibu miaka miwili, vita vikiwaka Ukraine, ni hatari kubwa, lakini ndivyo utaratibu wao ulivyo.

Muhula wake uliongezwa mara nne. Mwaka 2022 alikuwa ameshateuliwa gavana wa Benki Kuu ya Norway, Urusi ilipoivamia Ukraine akakiacha kiti hicho. Aliondoka NATO Oktoba 2024, akimpisha Mark Rutte wa Uholanzi. Februari 2025 akawa Waziri wa Fedha wa Norway, wadhifa aliowahi kuushika mwaka 1996 hadi 1997.